Tangazo la Chooni

Kwanza ifahamike kwamba Hilje hakusema neno. Aliapa mbele ya wazazi wake, mkono juu ya sahani ya viazi, kwamba hatafungua mdomo kumwambia binadamu yeyote habari za New Zealand, na kiapo hicho alikitimiza kwa uaminifu ambao ungewatoa mahakimu machozi. Mdomo hakuufungua. Alichofungua ni kalamu.

Lakini haraka haraka haina baraka. Tuanze na barua.

Barua ilifika Oktoba 1982, mwaka ambao nusu ya mafundi wa Vollenhove, mji wao mdogo, walikuwa wakishinda nyumbani wakitengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Lubbert, baba yake Hilje, alikuwa fundi wa kuezeka mapaa kwa matete, kama baba yake alivyokuwa, na mwaka huo hakuna mtu aliyekuwa akijenga kitu chenye paa. Banda la sungura alikuwa ameliezeka mara tatu. Sungura mwenyewe alikuwa ameanza kumtazama kwa mashaka.

Barua ilitoka kwa Bwana Mackie, mjenzi wa Invercargill, huko mwisho kabisa wa New Zealand. Kwenye tufe la dunia la shuleni Hilje alilazimika kupiga magoti ili aione sehemu hiyo, maana ilikuwa upande wa chini, karibu na skrubu. Bwana Mackie alitaka fundi wa mapaa mwenye mikono mizuri, aje na familia yake yote. Kazi ipo, nyumba ipo, kondoo wapo. Alichoomba ni jibu kabla Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili Novemba haijaisha.

Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya chakula, wazazi walikaa mezani kupima jambo. Walichukua karatasi wakaigawa kwa mstari katikati, upande mmoja kwenda, upande mwingine kubaki. Lubbert, mwanamume aliyeweza kuimaliza Jumamosi nzima kwa maneno kumi na moja, aliandika upande wa kwenda: Kazi. Kesho yake akafikiri sana, akaongeza: Kazi kweli. Mama yake Hilje, Aaltien, aliyekuwa muuguzi na mwenye mwandiko ulionyooka kama mfereji, alijaza pande zote mbili kwa usawa, kwa sababu kila alipoandika hoja moja aliihurumia ile ya upande wa pili. Walimuuliza na Hilje maoni yake. Akajibu, "Sawa tu." Alikuwa na miaka kumi na minne, na katika umri huo kukutwa na maoni ni aibu sawa na kukutwa na chawa.

Ukweli ni kwamba alikuwa nayo, tena makali. Hilje hakutaka kwenda, na sababu yake haikuwa kwenye karatasi ile.

Sababu yenyewe ilikuwa utani. Vollenhove nzima ilimjua Hilje kwa utani. Mwuza samaki alimpa kipande bure ili amwige mchungaji. Mwalimu wa hesabu alikuwa akimfukuza darasani kisha anatoka kwenda kumalizia kucheka ukumbini. Hakuwa mzuri wa sura kupita wengine, hakuwa na mbio, na kwenye filimbi alikuwa balaa. Alikuwa na mdomo tu. Na mwezi wa Septemba, katika somo la Kiingereza, aliwahi kujaribu kusimulia kichekesho kwa lugha hiyo. Alipomaliza darasa lilikuwa kimya kama kaburi. Mwalimu akamsifu kwa ujasiri, akamsahihisha vitenzi viwili. Hilje alikaa chini akiwa amejifunza jambo kubwa: kwamba kuna mahali duniani ambapo yeye ni msichana mkimya mwenye vitenzi vibovu. Na sasa wazazi wake walikuwa wanapima kumhamishia mahali hapo, pamoja na sufuria.

Jambo hilo hakumwambia mtu. Badala yake alifikiria jinsi ya kulizuia, na akaukumbuka ukoo. Ukoo ukisikia, aliwaza, patakuwa na kilio. Shangazi atazirai, Bibi atapiga meza, baba ataona haya, na barua itajibiwa hapana. Tatizo lilikuwa kiapo. Wazazi walitaka mtu yeyote asijue mpaka wao wenyewe waamue, na hasa Bibi asijue.

Hapo ndipo akili yake ilipoelekea chooni.

Choo cha nyumba yao, kama choo cha kila nyumba yenye heshima, kilikuwa ukumbini karibu na mlango wa mbele, na ndani yake, usawa wa macho ya aliyeketi, ilining'inia kalenda ya siku za kuzaliwa. Kalenda hiyo haina mwaka wala majina ya siku. Inazo tarehe tu, na mbele ya kila tarehe jina la ndugu ambaye ukimsahau atakukumbusha mpaka kiama. Kila mgeni anayeingia huisoma, kwa sababu hakuna kingine cha kusoma, na kwa sababu kila mtu hupenda kuhakikisha kwamba jina lake halijafutwa. Gazeti la mkoa halikuwa na wasomaji waaminifu kiasi hicho.

Na Jumamosi, tarehe ishirini Novemba, Aaltien angetimiza miaka arobaini.

Asubuhi ya siku hiyo Hilje aliingia chooni na kalamu, akafunga komeo, na mbele ya tarehe ishirini na mbili akaandika, kwa mwandiko wa mama yake aliouiga tangu darasa la nne kwa ajili ya vyeti vya udhuru: New Zealand — jibu. Tunahama wote. Kisha akavuta maji, ili kazi iwe na mwisho wa heshima.

Wageni walifika saa moja na nusu jioni kamili. Walioingia saa moja na dakika ishirini na nane walisubiri nje kwa dakika mbili. Viti vilikuwa vimepangwa duara kuizunguka sebule, na kila aliyeingia aliuzunguka mduara wote akitoa mkono na kumpongeza kila mtu kwa kuwa Aaltien amezaliwa. Baba Mdogo Harm, ndugu yake Lubbert, dereva wa lori la maziwa, alimpongeza Lubbert kwa mkewe, akampongeza Hilje kwa mama yake, akampongeza Bibi Geesje kwa mkwewe, akampongeza jirani kwa jirani yake. Nyuma yake Shangazi Trijn, dada mkubwa wa wanaume hao wawili, akaanza mzunguko huohuo kutoka upande wa pili, na walipokutana katikati wakapongezana wao kwa wao kwa wifi na shemeji. Kisha watu kumi na mmoja wakakaa, magoti yakitazamana, kila mmoja na kikombe chake na kipande kimoja cha keki ya matufaha, na sahani ya keki ikarudishwa kabatini kabla haijamletea mtu mawazo.

Hilje alijitolea kumimina kahawa. Alimimina kwa ukarimu ambao nyumba ile haikuwahi kuushuhudia. Kikombe kikifika nusu, yeye yupo. Jirani mmoja alimwambia Aaltien kwamba binti yake ameanza kukua. Binti aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, akaangalia saa, akahesabu vibofu.

Baba Mdogo Harm ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikwenda, akakaa kidogo zaidi ya kawaida ya wanaume wenye haraka, akarudi. Hilje alimtazama usoni akingoja msiba. Harm alikaa chini, akasafisha koo.

"Kaka," akamwambia Lubbert, "lile karavani lako halivuji?"

"Halivuji."

"Na matairi?"

"Mapya."

"Vizuri," akasema Harm. "Vizuri sana." Akaegemea kiti kwa utulivu wa mtu aliyesomewa wosia.

Hilje akajiambia kwamba Harm ni mwanamume, na wanaume wa ukoo ule huzuni huwapitia kwenye magari. Akamwongezea Shangazi Trijn kahawa. Shangazi Trijn alikwenda, akakaa sana. Aliporudi hakuelekea kwenye kiti chake bali alisimama mbele ya kabati la vyombo, lile kubwa la mwaloni, akaupitisha mkono juu yake kama mtu anayempapasa farasi mnadani.

"Wifi," akasema, "hili kabati huwa linafunguliwa vipande au linatoka zima zima?"

Aaltien akamuuliza kwa nini.

"Basi tu. Nilikuwa nauwazia mlango wangu."

Nusu saa iliyofuata ilikuwa ya ajabu. Kila aliyetoka chooni alirudi akiwa na siri, na kwa kuwa kila mmoja alidhani anaijua peke yake, hakuna aliyeitaja, waliitumia tu. Jirani wa kushoto aliuliza kama mti wa peasi ule wa nyuma unazaa kila mwaka. Mkewe aliyasifu mapazia, akashika pindo kuona kama yanaweza kurefushwa. Aaltien, ambaye kwa miaka kumi na sita hakuwahi kusikia sifa ya mapazia yale, alianza kumtazama mumewe kwa macho yanayouliza. Mumewe alikuwa anatazama keki. Kisha Harm na Trijn wakagundua kwa wakati mmoja kwamba wote wawili wanaitazama saa ya ukutani.

"Saa hiyo baba aliniahidi mimi," akasema Trijn.

"Wewe alikuahidi kitanda."

"Kitanda ulichukua wewe, Harm, ukasema cha muda."

Bibi Geesje, mama yao, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha na mkoba wake mapajani, aliwaambia kwamba baba yao aliwaahidi watu wote vitu vyote, hasa akiwa usingizini, na kwamba saa iko ukutani kwa Lubbert na Lubbert yuko hai, anamwona pale anakula. Lubbert akathibitisha kwa kichwa.

Hilje alisimama na birika mkononi, moyo umemshuka hadi kwenye soksi. Alikuwa ameuandalia ukoo kilio, nao umemwandalia mnada. Hakuna aliyezirai wala kupiga meza. Walikuwa wameshawasafirisha, wameshafunga mlango, na sasa wanabishana juu ya funguo.

Ndipo Bibi Geesje alipouweka mkoba chini na kuinuka.

Jambo ambalo Hilje hakulitarajia lilitokea ndani yake mwenyewe: hakutaka tena Bibi aende. Asubuhi Bibi alikuwa ndiye shabaha kuu ya mpango mzima. Lakini sasa alimwona akivuka sebule kwa miguu yake mifupi, mgongo umenyooka, akitoa samahani kwa kila goti, na kalamu ile ya asubuhi ikaanza kumwasha vidole. Akawahi mlangoni.

"Bibi, choo kina hitilafu."

"Hitilafu gani?"

"Kina baridi."

"Mjukuu wangu," akasema Bibi, "majira ya baridi ya vita tulikwenda nyuma ya zizi, na barafu tuliivunja kwa kiatu. Nipishe."

Hilje akampisha. Komeo likafungwa. Mle sebuleni mazungumzo yaliendelea, kuhusu peasi, lakini Hilje hakusikia peasi; alisikia ukimya wa nyuma ya ule mlango, na ulikuwa mrefu. Hatimaye maji yakavutwa. Bibi Geesje akarudi, lakini hakukaa. Alisimama katikati ya mduara, mahali ambapo mtu hasimami ila akiwa analeta keki.

"Aaltien," akasema, "una mwandiko mzuri. Nimekuwa nikiusifu siku zote."

"Asante, mama," akasema Aaltien.

"Kwa hiyo nimesoma bila miwani. New Zealand. Jumatatu. Wote."

Vijiko viliacha kugonga vikombe. Harm akatazama kiatu chake, Trijn akatazama cha kwake, na kutokana na jinsi walivyotazama kila mtu akajua nani alikuwa ameshasoma. Aaltien alimgeukia Lubbert, na Lubbert alikuwa tayari anamtazama yeye, kwa mshangao wa mtu aliyeshika siri kwa wiki tano akaikuta imetundikwa.

Bibi Geesje aliendelea bila kupandisha sauti. Aliwaeleza kwamba kaka yake Jannes alihamia Kanada mwaka 1951 na watoto sita, na kwamba wiki nzima kabla ya hapo watu walikuwa wakinyamaza kila yeye, Bibi, alipoingia jikoni. Walimwambia siku yenyewe, asubuhi, masanduku yakiwa mlangoni. Wakati huo alikuwa anamenya viazi. Hakujua la kufanya, basi akaendelea kumenya, na akamenya viazi vya siku tatu.

"Watu wakienda, wanakwenda," akasema. "Sijawahi kumfunga mtu kamba. Lakini nilijiambia kwamba safari nyingine nitaambiwa nikiwa nimekaa kitini. Sasa mwaka huu nimeambiwa nikiwa nimekaa, ni kweli. Lakini, Aaltien, kule?"

Mtu mmoja karibu acheke akajifanya anakohoa. Aaltien alikuwa amepauka. Alisema kwamba hakuandika yeye, na ilisikika kama uongo, kwa sababu mwandiko ulikuwa wake mpaka kwenye mkia wa herufi ya mwisho. Trijn alitoa ile sauti ya puani ambayo mawifi duniani kote wanaielewa. Ilikuwa siku yake ya kutimiza arobaini, na alikuwa anahukumiwa sebuleni kwake mbele ya majirani.

Hilje aliweka birika chini. "Ni mimi," akasema. "Mama hajui kitu. Nimeandika mimi, asubuhi."

Lubbert akauliza kwa nini. Lilikuwa neno lake la tisa siku hiyo.

Sasa, mtu aliyefumaniwa hushika kilicho karibu. Hilje alimshika Bibi. Alisema kwa huzuni iliyopangika vizuri kwamba hakuweza kuvumilia kuona Bibi anaachwa peke yake katika uzee wake, bila mjukuu wa kumchukulia kuni.

"Usinifanye mimi ukuta wa kujibanza," akasema Bibi Geesje. "Kuni zangu naletewa na mtoto wa mwokaji. Na mimi naweza kufa Alhamisi, halafu wewe utabaki hapa na hii mvua. Sema la kwako."

Hilje alitafuta la kuchekesha. Kila siku lilikuwa likija lenyewe kama paka aliyesikia sahani. Safari hii halikuja.

"Kule sitachekesha," akasema. "Kiingereza changu ni cha kuagizia mkate. Hapa nikisema kitu watu wanacheka. Kule nitakuwa msichana aliyekaa pembeni anayetabasamu. Watu watasema, 'Yule mpole.' Mpaka nizeeke, Bibi. Watanizika kama mpole."

Hakuna aliyecheka, jambo ambalo liliithibitisha hoja yake kuliko alivyopenda. Harm peke yake alisema kwamba hata hapa si kila mara anachekesha, na dada yake akampiga kofi la goti. Aaltien alikuwa anamtazama binti yake kama anayesoma kipimo cha homa. Alisema, polepole, kwamba yeye mwenyewe amekuwa akiliwaza jambo hilohilo wodini: mzee akiogopa sindano, humtania kwanza. Hakujua angemtania vipi mzee wa Invercargill. Hakuliandika kwenye karatasi kwa sababu lilionekana si hoja.

Watu wote wakamgeukia Lubbert. Yeye hakuwa amewaza jambo hilo hata kidogo, na usoni ilionekana wazi: kwa mtu wa maneno kumi na moja, lugha nyingine ni maneno mengine kumi na moja. Alikaa. Akafuta makombo. Akainuka.

"Nampigia," akasema, akatoka kwenda kwenye simu ya ukumbini.

Kule ilikuwa asubuhi ya Jumapili. Aaltien akamfuata na kichupa cha mchanga cha kupimia muda wa kuchemsha mayai, ambacho bila kuwepo kwake hakuna simu ya mbali iliyowahi kupigwa katika nyumba ile, akakigeuza, akarudi. Mlango uliachwa wazi. Watu kumi walikaa kwenye duara wakitazama keki, na kumi wote walikuwa masikio.

Lubbert alikuwa na kichekesho kimoja maishani. Alikisimulia kila harusi. Kilihusu marehemu baba yake, ambaye alipokuwa akiezeka kanisa la kijiji jirani paa lilimkatikia, akapita na matete yake yote mpaka kwenye benchi la tatu, mbele ya mchungaji aliyekuwa akijizoeza mahubiri. Mchungaji akauliza, "Kumetokea nini?" Mzee akajibu, "Sijui, mimi ndiyo kwanza naingia." Sasa walimsikia akikisimulia kwa Kiingereza, pole pole, kama anayebeba ngazi kwenye korido nyembamba. Paa. Baba. Kuanguka. Kanisa. Akafika mwisho. Kimya. Kisha wakamsikia akisema, "Asante. Asante sana, bwana."

Akatokea mlangoni, masikio mekundu.

"Amenipa pole," akasema. "Ameuliza baba amezikwa wapi."

Harm akauficha uso kwa mikono miwili. Lubbert alimnyooshea Hilje mkono kuelekea simu.

"Nenda mwambie hakufa," akasema. Kisha akakaa kwenye kiti chake, amechoka kama aliyeezeka ghala.

Hilje alikwenda. Hakwenda kwa ajili ya New Zealand wala kwa ajili ya baba yake. Alikwenda kwa sababu hakuweza kuvumilia kichekesho kifie kwenye simu kama ndege aliyegonga kioo. Akaishika simu. Mchanga ulikuwa umebaki theluthi. Upande wa pili sauti nzito ilikuwa bado inasikitika.

"Bwana," akasema Hilje kwa Kiingereza chake cha mkate, "babu hakufa. Babu hakuumia. Ilikuwa Jumamosi." Akatafuta neno, akalikosa, akalizunguka. "Maisha yote, babu kanisani anachelewa. Siku hiyo tu amewahi. Amewahi kwa siku moja."

Simu ilinyamaza. Ni mbali sana kule, na ukimya nao unahitaji muda wa kusafiri. Kisha kikaja kicheko. Kilianza kama injini ya trekta ya zamani, kikakwama, kikawaka, kikaendelea. Akamsikia Bwana Mackie akimwita mkewe na kumrudishia mambo ya babu na Jumamosi, na mke naye akacheka, mbali zaidi, pengine jikoni. Aliporudi kwenye simu alisema kwamba Lubbert akija, asithubutu kumwacha nyuma msichana huyu. Akaaga. Mchanga ukaisha.

Hilje alisimama ukumbini na simu iliyokufa mkononi.

Na hapa ndipo shetani, ambaye alikuwa amekaa kimya jioni nzima kwa heshima ya siku ya kuzaliwa, alipomjia. Kwa maana nani alikuwa amesikia? Kicheko kilikuwa ndani ya sikio lake tu. Alichohitaji ni kurudi sebuleni na maneno machache: amesema kazi imeshapata mtu. Baba yake asingepiga tena, si baada ya ile pole. Jumatatu ingekuja, ingepita, na wangebaki. Ulikuwa ndio utani mkubwa kuliko wote aliowahi kushika mkononi, laini, mzima, umeiva. Kasoro yake ilikuwa moja: asingeweza kumsimulia mtu hata mmoja, mpaka kufa.

Tena kilikuwa kicheko kizuri. Hilo ndilo lililomkera. Alikuwa na hoja moja tu ya kubaki, na ameivunja yeye mwenyewe kwa vitenzi vibovu.

Akarudi. Mduara wote ukamwinulia macho.

"Kasemaje?" akauliza mama yake.

"Amecheka," akasema Hilje, kwa sauti ya mtu anayerudisha kuku wa jirani.

Wakataka kujua amecheka nini, naye akawaeleza, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kichekesho kile Lubbert mwenyewe alicheka, kwa kuwa kilikuwa na mwisho ambao hakuujua. Bibi Geesje alisema ni kweli tupu, marehemu alichelewa hata kwenye harusi yao. Hilje akaongeza, chini chini, lile la asiachwe nyuma.

Lubbert aliacha kucheka. "Na wewe unasemaje?" akamuuliza bintiye.

Aliulizwa jambo hilo jioni nyingi mezani, lakini safari hii mtu alikuwa anangoja jibu. Watu kumi walikuwa wanangoja.

"Mwaka mmoja," akasema Hilje. "Nyumba isiuzwe. Kitu kisitoke humu, hata pazia. Mwaka ukiisha tunapima upya, na mimi naandika kwenye karatasi kama mtu mzima. Na Bibi anaambiwa kila kitu kwanza, kwa barua."

Aaltien alimtazama mumewe. Mumewe alitikisa kichwa mara moja, ndiyo, na hivyo ndivyo lilivyoamuliwa jambo lililoshindikana kwa wiki tano. Bibi Geesje alikaa, akauchukua mkoba wake, akamwambia mkwewe kwamba angependa kipande cha pili cha keki. Aaltien, bila kusita, akaenda kuileta sahani nzima.

Shangazi Trijn, ambaye alikuwa amepoteza kabati, saa na ndugu katika dakika moja, ndipo alipoanza kulia. Alitoa leso ya mumewe akapenga kamasi kwa mlio uliowafanya majirani waangalie dirishani kuona ni meli gani inaingia. Hilje alimtazama ile pua. Akajikuta anatafuta jinsi ya kumweleza mtu wa Invercargill mlio ule, kwa maneno machache aliyonayo. Akayapata. Akakasirika sana.